Boyi Hakosi Moyo, Anakosa Siku ya Malipo

Mtaani Muhumba, mjini Bukavu, kwenye nyumba zenye bustani zilizojengwa wakati mji ukiitwa bado Costermansville, maneno juu ya maboyi, mayaya na masentineli ni yale yale kila mahali. Nayajibu.

«Hawana moyo wa kazi.» Hili ndilo kubwa. Anayelisema mara nyingi bado amelala wakati boyi yuko njiani kwa miguu kutoka Kadutu au Panzi. Maji ya REGIDESO yakikatika, ni boyi anayebeba mabidoni. Anadeki, anafua, anapasi usiku umeme ukirudi, kisha anaambiwa angoje wageni waondoke. Mwezi unaisha, anaambiwa: «Ngoja kidogo.» Baadaye anapewa nusu, na bei ya sahani iliyovunjika imekatwa humo humo. Afanye vizuri au vibaya, mshahara utachelewa vile vile. Bidii imzidishie nini? Watoto wake wanafukuzwa shule kwa kutolipa minervali, naye hawezi hata kumwahidi mkuu wa shule tarehe. Karani wa ofisi angetendewa hivyo, angeanza kuchelewa na kutafuta kazi kwingine, na hakuna ambaye angemwita mvivu.

«Anakula na kulala kwetu, huo ni mshahara tayari.» Fufu na sombe havilipi shule wala dawa za mama aliyebaki kijijini. Tena anayelala kwenye boyeri nyuma ya uwanja ndiye anayeamshwa saa sita usiku kufungua geti. Kulala kazini kunamwongezea saa za kazi, na saa hizo hakuna anayezihesabu.

«Sheria ya kazi haimhusu boyi.» Inamhusu. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtambua kama mfanyakazi kila anayefanya kazi kwa malipo chini ya amri ya mwingine, hata kama mwajiri ni mtu binafsi. Mkataba usipoandikwa, unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Akiugua, matibabu ni juu ya mwajiri.

«Yeye ni kama mtoto wetu.» Mtoto wenu akishikwa na malaria, hamumrudishi kwao akaponee huko.

«Vita imetumaliza, benki zimefungwa.» Hapa nakubali. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, kuna nyumba ambazo zenyewe hazioni tena mshahara. Lakini boyi naye ananunua unga kwenye soko lile lile. Basi aambiwe kabla mwezi haujaanza, si siku ya malipo: kiasi hiki kipo, kiasi hiki hakipo. Pesa ikipungua, siku za kazi zipunguzwe pia, ili zile nyingine atafute kibarua. Na deni liandikwe kwenye daftari, wote wawili watie sahihi, nakala moja ibaki mkononi mwa boyi.