Pengo Mdomoni, Hofu Usoni

Safu ya Jumamosi: Afya na Jamii
Na Salma Mwinyikombo

Kiswahili kina maneno mawili ya uwazi ulio baina ya meno, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya: mwanya, ambao ni nafasi ndogo ya kuzaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele na ambao huhesabiwa kuwa pambo la uso, na pengo, ambalo ni nafasi iliyoachwa na jino lililokuwapo kisha likaondoka. Mwanya husifiwa; pengo hufichwa kwa ncha ya kanga, kwa kiganja, au kwa kicheko kinachokatizwa kabla midomo haijafunguka. Mtu anayeuliza, kabla au baada ya kung'olewa jino, iwapo uso wake utabadilika, haulizi jambo la kipuuzi, bali anagusa jambo ambalo lugha yake mwenyewe ilikwisha kulipa uzito zamani. Hata hivyo swali hilo mara nyingi hujibiwa kwa tabasamu na neno "usijali", na hoja ya makala haya ni kwamba jibu la namna hiyo halitoshi, kwa kuwa lipo jibu la kweli, lenye vipimo, na mgonjwa anastahili kulipata kabla ya kuchomwa sindano ya ganzi.

Jibu lenyewe huanzia kwenye mfupa. Kila taya lina sehemu ya msingi, ambayo katika taya la chini ndiyo huchora umbo la kidevu na zile pembe zilizo chini ya masikio, na lina ukingo ulioota kwa ajili ya meno tu, wenye matundu ambamo mizizi hukaa. Ukingo huu huota pamoja na meno na hupungua meno yanapoondoka. Kati ya mzizi na ukuta wa tundu lake kuna utando wa nyuzinyuzi unaolishikilia jino na kuupelekea mfupa nguvu ya kutafuna kila mtu anapouma chakula. Jino linapong'olewa utando huo hukatika, na tabaka la mfupa lililoutegemea hukosa kazi, mwili ukaanza kuliyeyusha. Tundu hujaa damu inayoganda siku ileile, nyama changa huanza kuota humo katika wiki ya kwanza, fizi hufunga juu yake baada ya wiki chache, na mfupa mpya hulijaza katika miezi mitatu au minne. Lakini wakati ndani kunajengwa, nje kunabomoka, hasa upande wa mdomo na shavu, ambako kwa meno mengi ukuta wa tundu ni mwembamba kuliko upande wa ulimi. Utafiti wa Lars Schropp na wenzake wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2003, ulipima jambo hilo kwa watu waliong'olewa magego na meno yaliyo jirani na magego, ukaona kwamba upana wa ukingo mahali pa jino lililoondoka ulipungua kutoka wastani wa milimita 12 hadi takriban milimita 6 ndani ya mwaka mmoja, na kwamba theluthi mbili ya upungufu huo ilitokea katika miezi mitatu ya kwanza.

Msomaji anayeona kwamba ukingo hupungua kwa nusu aweza kushtuka, na ni haki yake, lakini nusu hiyo ni ya milimita chache, mahali pamoja, ndani ya kinywa, na kati yake na macho ya watu kuna fizi, kisha shavu zima lenye misuli, mafuta na ngozi. Shavu halilali juu ya gego. Umbo lake hutokana na mfupa wa shavu, taya la msingi, mafuta yaliyo chini ya ngozi, na msuli mnene wa kutafuna, ule unaotuna chini ya vidole mtu akikaza meno huku ameweka mkono mbele ya sikio. Kwa sababu hiyo mtu aliyepoteza gego moja, hata mawili, huwa na badiliko la kweli katika ukingo wa taya lake, na hana badiliko ambalo aliyeketi mbele yake mezani angeliona.

Hali ni hiyohiyo kwa gego la mwisho, lile linaloota ujanani nyuma ya mengine yote na ambalo wengine huliita jino la hekima. Kuna imani iliyoenea kwamba likitolewa uso huchongoka, na wapo wanaolitamani jambo hilo kama wapo wanaoliogopa. Kinachoonekana kwa kweli ni uvimbe, ambao hufikia kilele chake siku ya pili au ya tatu kisha ukapungua kwa muda wa wiki moja hivi. Na uso unaporudi ulivyokuwa, mwenyewe, aliyekwisha kuzoea shavu lililovimba na aliyeshinda siku zote hizo kwa uji na supu, huuona umekonda.

Meno ya mbele yana habari nyingine. Meno sita ya mbele ya juu ni nguzo za mdomo wa juu, na iliyo kubwa kati ya nguzo hizo ni chonge, yaani lile jino lenye ncha lililo pembeni, ambalo mzizi wake ni mrefu kuliko mizizi ya meno mengine na ambalo huinua mfupa ukaonekana kama mgongo mdogo chini ya pembe ya pua. Likiondoka, upande ule wa mdomo hupoteza sehemu ya egemeo lake, na mwenye uso mwembamba huweza kuliona hilo kwenye kioo bila kujidanganya. Meno yote yakiondoka, badiliko ni kubwa na halina ubishi. Taya la chini, likikosa meno ya kulizuia, hufunga kupita mahali lilipozoea kusimama, kidevu kikasogea kuelekea pua, midomo ikaingia ndani, na huo ndio uso wa kibogoyo ambao mchora vibonzo huweza kuuchora kwa mistari miwili. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wenye meno ya bandia kamili, baadhi yao kwa miaka 25, akaonyesha kwamba mfupa wao uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na kwamba upungufu wa taya la chini ulikuwa takriban mara nne ya ule wa taya la juu. Anayeuliza kama uso utabadilika anapaswa basi kuulizwa naye mambo matatu: ni jino lipi, ni mangapi, na pengo litakaa wazi kwa muda gani.

Hofu, hata hivyo, haiongozwi na milimita peke yake, kwa kuwa vipimo vinavyotumiwa na mwenye hofu havipimi sawasawa. Cha kwanza ni ulimi, ambao huenda pengoni mara mia kwa siku, hupapasa kingo zake, na hulihisi tundu kuwa kubwa kuliko lilivyo, kiasi kwamba mtu akilitazama kwenye kioo hushangaa kulikuta dogo. Cha pili ni simu. Picha ambayo mtu hujipiga kwa mkono wake mwenyewe hupigwa karibu mno na uso, na ukaribu huo hukuza kilicho mbele na kupunguza kilicho kando. Watafiti wa Marekani waliochapisha hesabu zao mwaka 2018 walikadiria kwamba pua katika picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Mtu ambaye hajawahi kuuchunguza uso wake, na ambaye baada ya kung'olewa jino anaanza kujipiga picha asubuhi na jioni akilinganisha shavu la kulia na la kushoto, atapata tofauti bila shaka, kwa kuwa nyuso zote za binadamu zina tofauti hiyo tangu awali, na ataihesabu kuwa imeletwa na jino.

Kumweleza mtu huyo kwamba anajisumbua bure ni kukosea mara mbili, kwanza kwa kuwa huenda jino lake ni chonge, na pili kwa kuwa anachokipitia kina jina. Mwaka 1998 Janice Fiske na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti juu ya hisia za watu waliopoteza meno yote, wakakuta mambo yanayofanana na msiba: huzuni, kupungua kwa kujiamini, kujiona umezeeka, na usiri mkubwa, kwa kuwa watu hawakuwa wamewahi kupewa nafasi ya kulizungumzia jambo hilo. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana ulinganisho huo. Katika risala za mazishi, aliyefariki husemwa kuwa ameacha pengo lisilozibika, na neno linalotumika makaburini ni lilelile linalotumika kwa daktari wa meno.

Haifai pia kudhani kwamba wasiwasi huu ni wa wasichana, au wa kizazi cha simu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili alipoapishwa mwaka 1789, na alivaa meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa vitu kadhaa, yakiwamo meno ya watu na pembe ya kiboko. Mwaka 1798 alimwandikia daktari wake wa meno, John Greenwood, akilalamika kwamba meno hayo yalikuwa yakiisukuma midomo yake ikatokeza nje. Mtu aliyeongoza jeshi na dola alikaa akaandika barua juu ya midomo yake, wala hakuna sababu ya kumcheka.

Ukweli mwingine, ulio karibu zaidi na nyumbani, ni kwamba pengo halina aibu ya kuzaliwa nayo. Wajaluo waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini kuwa alama ya kuingia utu uzima, na Wamaasai waling'oa mawili ya kati katika taya lilelile. Katika jamii hizo meno kamili ndiyo yaliyomweka mtu kando na wenzake. Hilo halimpunguzii aibu karani au mwalimu wa leo ambaye pengo lake watu hulisoma kuwa dalili ya umaskini au ya kutojitunza, lakini linaonyesha kwamba sehemu ya maumivu yake hutoka machoni pa watu, na kwamba dhihaka ya kibogoyo, ambayo watoto hufundishwa mapema, inawaumiza wenzao kweli.

Kwa nini basi mazungumzo haya yafanyike kabla ya koleo kushikwa? Katika Afrika Mashariki kung'oa ndiyo tiba ya meno inayotolewa kwa wingi kuliko nyingine, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika maumivu yakiwa yamezidi, na kwa kuwa kuziba jino au kutibu mzizi wake, yaani kusafisha mshipa uliooza ndani yake na kujaza dawa ili jino libaki, hugharimu zaidi na hakupatikani kila mahali. Mgonjwa anayeogopea uso wake ndiye pia anayeweza kuuliza iwapo jino lake laweza kuokolewa, na akinyamazishwa katika swali la kwanza hatalifikia la pili. Wengine hofu huwarudisha nyumbani na jino lenye usaha, wakitafuna upande mmoja na kumeza vidonge vya maumivu, ingawa maambukizi ya gego la chini yaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni yakaziba njia ya hewa. Jino la namna hiyo likishindikana kutibiwa sharti liondoke, hata likiwa chonge, na daktari anayelieleza hilo bila kuficha gharama yake usoni huaminiwa zaidi kuliko anayesema kwamba hakuna kitakachobadilika.

Lipo pia suala la wakati. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na wataalamu wa mifupa hawana la kuwapinga: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hurudisha tabasamu na kuuinua mdomo, lakini hukaa juu ya fizi na hayauzuii mfupa ulio chini yake kupungua. Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani yaliyochongwa, huziba nafasi bila kuufikia mfupa. Kipandikizi, ambacho ni skrubu ya titani inayopandwa ndani ya taya na ambacho Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikitumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, hushikana na mfupa wenyewe, lakini kina gharama ambayo familia nyingi haziimudu, na kinahitaji mfupa wa kutosha wa kukipokea. Kwa kuwa sehemu kubwa ya upungufu wa mfupa hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo, anayeambiwa habari hizi baada ya mwaka ameambiwa wakati uchaguzi umekwisha kupungua na bei imekwisha kupanda. Na hata asiye na fedha za kipandikizi angependa kujua kwamba meno ya jirani yaweza kuinamia pengo, na jino la taya la pili linalotazamana nalo likashuka au kupanda kulifuata.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji mashine. Yanahitaji kioo cha mkononi, ambacho mgonjwa hushika huku daktari akimwonyesha jino lilipo na mdomo unapoegemea, na picha mbili za uso, moja ikipigwa kabla ya jino kutoka na nyingine baada ya miezi sita, zote zikipigwa na mtu mwingine aliyesimama hatua mbili mbele, katika mwanga uleule, midomo ikiwa imefungwa kisha ikitabasamu. Siku ya kuzilinganisha, daktari na mgonjwa huziweka mezani bega kwa bega. Ikiwa mdomo umeingia ndani, wote wawili wataona ni upande gani na kwa kiasi gani, na hatua ya kuchukua itajadiliwa papo hapo.