Utabiri wa Hali ya Hewa Si Ramli

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kikiikaribia pwani yetu. Tarehe 4 Mei kikafika kisiwani Mafia, nguvu zake zikiwa zimepungua, kisha kikatoweka. Hata hivyo mvua zake ziliikata barabara ya kusini huko Kilwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Aprili 2021, tahadhari kama hiyo ilitolewa juu ya kimbunga Jobo, nacho kikafifia.

Tangu hapo hawakosekani watu, hata huku kwetu Kisesa na kandokando ya Ziwa Victoria, wasemao kwamba wataalamu walitutisha bure. Maneno haya ni ya hatari, na hatuna budi kuyajibu.

Mjuzi wa yatakayotokea kesho ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mtaalamu wa hali ya hewa hapigi ramli, husoma dalili. Kimbunga hupata nguvu kutokana na maji ya bahari yenye joto, husukumwa na mikondo ya upepo ya juu, na hudhoofika kinapokutana na hewa kavu au pepo zinazokisambaratisha. Lolote kati ya hayo likibadilika, njia yake hubadilika. Kwa hiyo mtabiri hutaja uwezekano, wala hali kiapo. Onyo lisilotimia si uongo, kama vile mlinzi aliyekesha usiku ambao mwizi hakuja hakulipwa bure.

Waliopata kukosa onyo wanaijua thamani yake. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazamisha majahazi na kuing'oa mikarafuu. Aprili 1952 nyingine iliipiga Lindi. Wenyeji wa siku hizo hawakuwa na setilaiti ya kuwaonyesha kilichokuwa kikiwajia.

Wengine watauliza: ya bahari yanatuhusu nini sisi wa ziwani? Ni kweli kwamba vimbunga vya namna hiyo havijengeki hapa, kwa sababu karibu na ikweta nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huufanya upepo uzunguke, ni hafifu mno. Lakini ziwa letu lina tufani zake. Usiku, pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Hewa hupanda, mawingu hujengeka, na kabla ya alfajiri radi na mawimbi huwa vimekwisha kuwafikia wavuvi. Kimbunga cha baharini hufuatiliwa kwa siku kadhaa. Dhoruba ya ziwani huweza kuzaliwa kwa saa chache tu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limenukuu makisio kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili lote. Hiyo si idadi ya kuzoeleka.

Serikali haikukaa kimya. Rada ya hali ya hewa imejengwa Mwanza, na nchi yetu ilishirikiana na Kenya, Uganda na Rwanda katika mradi wa HIGHWAY wa kuboresha utabiri wa ziwa hili. Lakini rada haimwokoi mtu ambaye habari zake hazikumfikia. Mvuvi wa dagaa wa Ukara, Kome au Maisome huingia majini jua linapozama. Taarifa ikifika mwaloni baada ya hapo, imefika kwa wajane.

Ndiyo maana tunasema kila mwalo uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kupokea utabiri wa jioni, kuusoma hadharani na kupandisha bendera ya hatari. Watendaji na maofisa uvuvi wapimwe kwa jambo hilo, wala si kwa wingi wa vikao.

Tena tuseme kweli ambayo wengi huinyamazia. Mara nyingi anayeamua chombo kitoke siye anayekwenda nacho. Mwenye chombo hulala nchi kavu, na akikosa usiku mmoja hupoteza mapato ya usiku mmoja. Kibarua wake hupoteza roho. Amri ya kutotoka majini lazima imfunge tajiri kwanza, na kibarua aliyekataa kutoka siku ya onyo asifukuzwe kazi.

Ndugu zetu wa visiwani, dalili ya mvua ni mawingu, na wazee wetu walijua kuyasoma. Rada ni jicho linaloona mawingu yaliyo mbali zaidi. Tukionywa mara kumi na dhoruba ikaja mara moja, zile mara tisa tulizorudisha nyavu nyumbani zisiwe hasara machoni petu. Ziwa litakuwapo kesho. Tuhakikishe na wavuvi wake wapo.