Majani ya Paani Yasitupwe Mtaroni

Ndugu msomaji wa Kileleshwa, wewe pia u mkulima, hata kama shamba lako ni ua wa nyuma tu. Kabla ya masika ya Machi wengi husafisha mifereji ya paa. Vyema. Lakini majani ya jakaranda yatupwa wapi? Mtaroni! Mtaro ukiziba, maji huingia kwa jirani. Usipoziba, taka hushuka hata Mto Nairobi, kwa watu wa Gikomba. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwahamisha wengi wa mabondeni, nasi wa juu twajiona hatuna hatia. Chimba shimo, uyafukie pamoja na maganda ya jikoni, uyageuze kila mwezi. Mvua za Oktoba zitakuta mbolea tayari kwa sukumawiki.