Kabla ya kununua baiskeli ya mzigo, tuulize geji

Mkulima yeyote aliyewahi kuezeka nyumba anajua kuuliza geji ya bati. Anafahamu kuwa bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na kwamba tofauti hiyo ataiona baada ya miaka michache ya mvua. Lakini mkulima huyo huyo akienda kununua baiskeli huuliza bei, rangi na jina la kiwanda. Unene wa bomba la fremu, ambalo ndilo litakalobeba mzigo wake kila siku, haulizi, na muuzaji naye hautaji.

Kwa wakazi wa Bagamoyo na ukanda wa pwani hadi Bunju, jambo hili si dogo. Mananasi ya Kiwangwa, samaki, nazi na makuti mara nyingi huanza safari ya sokoni juu ya baiskeli. Fremu ikikatika, mchuuzi hupoteza mzigo wa siku. Ikikatikia kwenye lami ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ambako mabasi na malori hupita kwa kasi, anaweza kupoteza maisha.

Miongoni mwa baiskeli za mtumba zimo zile nyepesi za mashindano kutoka nje. Ni baiskeli nzuri, lakini zilitengenezwa kumbeba mwendeshaji peke yake. Mabomba ya chuma ya baadhi yake yana unene wa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 tu katikati. Ufundi huo ulisajiliwa na Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1897. Ncha huachwa nene kwa sababu maungio ndiyo yanayobeba nguvu kubwa na joto la fundi. Kwa hiyo, anayechomelea keria katikati ya bomba la namna hiyo anatoboa pale palipo pembamba kuliko pote.

Tupige hesabu. Bomba la kipenyo cha milimita 28.6 lenye unene wa 0.8 lina uzito wa gramu 550 hivi kwa mita moja. La milimita 1.2, yaani geji 18, lina gramu 810 hivi. Kwa fremu nzima, tofauti haifiki kilo moja. Kwa mwanamichezo anayepanda mlima, huo ni uzito mkubwa. Kwa mchuuzi mwenye tenga la samaki, ni samaki wawili watatu.

Aidha, pwani tuna adui mwingine ambaye ni kutu. Upepo wa bahari na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye tenga huingia ndani ya bomba na kulila bila kuonekana. Kutu ikila nusu milimita, bomba la geji 16, lenye milimita 1.6, linabaki na 1.1 na bado linafanya kazi. Bomba la 0.8 linabaki na 0.3, na hilo halina tena nguvu ya kubeba mtu, sembuse mzigo.

Hata hivyo, hatusemi kuwa unene peke yake unatosha. Bomba pana halipindi upesi kama jembamba. Kuongeza kipenyo kutoka milimita 25.4 hadi 28.6, kwa unene ule ule, huongeza ukakamavu kwa zaidi ya theluthi moja, na uzito huongezeka kidogo tu. Kwa mzigo, tafuta bomba pana lisilopungua geji 18.

Unene unaweza kupimwa. Chomoa nguzo ya kiti, pima kipenyo chake, kisha pima upana wa nje wa bomba inamoingia. Toa kidogo katika kikubwa, gawa kwa mbili, na utapata unene kwa makadirio ya karibu. Bomba la 28.6 lenye nguzo ya 27.2 lina unene wa milimita 0.7 hivi, nalo si la mzigo. Soma pia keria, kwani nyingi za kutoka Ulaya zimeandikwa kilo 25. Kwa mwenye baiskeli tayari, kumimina oili chafu kidogo ndani ya mabomba na kuyageuzageuza huchelewesha kutu.

Wauzaji nao wana wajibu. Mwenye duka la bati hutaja geji bila kulazimishwa, kwa hiyo mwenye duka la baiskeli hana sababu ya kuificha. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lingewasaidia wananchi kwa kutaka kila baiskeli mpya inayouzwa kwa kazi ya mizigo iandikwe unene wa bomba na uzito inaoruhusiwa kubeba. Hadi hilo litakapofanyika, mnunuzi aende dukani na kipimo mkononi. Baiskeli ndiyo mtaji wake, na mtaji haununuliwi kwa kutazama rangi.