Kabla hujauza stempu za babu, zisome

Mwezi uliopita tulikuwa Jipe kwa arobaini ya bibi. Baada ya chakula wazee wakaamua sanduku lake la bati lifunguliwe mbele ya watu wote, asije mtu akasema baadaye kuna kitu kimefichwa. Vikatoka kanga, risiti za kodi, na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Katikati ya kitabu mlikuwa na stempu moja nyekundu iliyonakshiwa vizuri, pamoja na bahasha iliyopauka.

Kufika jioni mjomba alikuwa ameshapiga picha na kuzituma.

"Mwanangu, hizi ni za Mjerumani," akaniambia. "Kuna kijana anakuja kesho kutoka mjini. Ile stempu nzuri anatoa elfu hamsini. Bahasha nimwachie iwe nyongeza."

Sikumlaumu. Binti yake anakwenda bweni kuanza kidato cha tano, na godoro bado halijanunuliwa. Lakini mnunuzi anayesifia kimoja na kuomba kingine kiwe nyongeza, mtazame mara mbili. Nikamwomba mjomba anipe usiku mmoja.

Wasomaji wangu, wengi wenu mna masanduku kama lile. Huhitaji kujua Kijerumani ili kuanza kuzitambua stempu hizi. Chukua simu, piga picha ya karibu, ikuze, kisha soma herufi moja moja.

Kwanza, tafuta neno REICHSPOST. Hilo ni la posta ya serikali ya Ujerumani. Stempu za serikali zilizotengenezwa kwa ajili ya huku kwetu zilianza mwaka 1893 kwa kupigwa chapa ya PESA juu ya stempu za kule. Mwaka 1896 chapa ikaongezewa jina Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadaye zikaja zenye picha ya meli, na meli hiyo ni Hohenzollern, chombo cha anasa cha mfalme wao. Kama chini ya meli pameandikwa PESA, ni za mwanzo. Kama pameandikwa HELLER, ni za kuanzia 1905, rupia ilipoanza kugawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64.

Pili, ukikuta jina la mji pamoja na maneno kama PRIVAT-POST, STADTPOST au STADTBRIEF, hiyo si ya serikali. Ni ya kampuni binafsi. Sheria ya Ujerumani iliipa posta ya serikali peke yake haki ya kubeba barua zilizofungwa kati ya mji na mji, lakini barua za ndani ya mji mmoja zikaachwa wazi. Wafanyabiashara wakaingia kwenye upenyo huo, hasa kuanzia 1886. Wakaajiri matarishi wao, wakachapa stempu zao, wakatoza pfennig mbili au tatu ili kuipunja serikali wateja. Miji mingi ilikuwa nazo. Berlin kulikuwa na Packetfahrt, Hamburg kulikuwa na Hammonia. Serikali ikachoka, ikatunga sheria, na siku yao ya mwisho ikawa 31 Machi 1900.

Tatu, usidanganywe na BAYERN au WÜRTTEMBERG. Hizo ni falme zilizokuwa na posta zao rasmi ndani ya Ujerumani. Si kampuni binafsi.

Nne, kama hakuna thamani ya fedha wala neno lolote la posta, huenda ni karatasi ya matangazo tu. Wafanyabiashara wa zamani walizichapa nyingi, na zina meno pembeni kama stempu.

Je, huku kwetu hapakuwa na posta binafsi ya Kijerumani? Lilikuwapo jaribio. Mwaka 1892 kampuni ya Schülke & Mayr ilichapisha stempu zenye jina lake, ikikusudia kubeba barua kati ya pwani na maziwa makuu. Mpango haukushika. Na majirani zetu wa ng'ambo ya bonde la Mkomazi wana kisa chao. Mwaka 1916, vita vikiwa vimefunga bahari, stempu zilichapwa kwenye mtambo wa misheni pale Vuga, Usambara. Ni za kawaida mno kwa sura, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni za kampuni fulani, lakini zilikuwa za serikali. Meli moja ikapenya kizuizi cha Waingereza na kuleta shehena mpya, hivyo zile za Vuga hazikuhitajika tena. Zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, na baada ya vita zikafukuliwa na kupelekwa Ujerumani kuuzwa.

Turudi kwenye sanduku la bibi. Ile stempu nzuri ilikuwa na jina la Berlin na neno PRIVAT. Maana yake ni kwamba haikuwahi kuleta barua Upare, wala isingeweza. Kazi yake iliishia kwenye mitaa ya Berlin, kabla ya Aprili 1900. Wamisheni wa Leipzig walifika Shigatini mwaka huo huo wa 1900, na Waadventista wakafika Giti mwaka 1903. Nadhani mmoja wao alimpa mtu wetu karatasi ile awekee alama kwenye kitabu. Stempu nyingi za aina hii si adimu, na zipo za kughushi pia, kwa sababu wakusanyaji walizipenda tangu wakati ule.

Bahasha je? Ina stempu ya meli ya heller 7½, na muhuri ulioandikwa Moschi, 1913, reli ya Tanga ikiwa imeshafika huko. Kwa wino uliofifia limeandikwa jina la babu mzaa bibi, kamili, majina mawili, kisha neno Lehrer, yaani mwalimu, na Schigatini. Sisi wote tulimjua kwa jina la "Mwalimu" tu. Kaburi lake kule Usangi halina maandishi. Ile nyongeza ya bure ndiyo karatasi pekee nyumbani kwetu yenye jina lake.

Basi, ukikuta bahasha kama hiyo, usiibandue stempu. Usiiloweke kwenye maji, usiikate, usiizibe kwa selotepu. Mkusanyaji wa kweli anataka bahasha nzima pamoja na muhuri wake, kwa kuwa muhuri ndio unaosimulia safari. Iweke kwenye karatasi safi, mbali na jua na unyevu. Piga picha pande zote mbili, uwape na wenzako wa ukoo. Kama ni lazima uuze, uliza watu zaidi ya mmoja, na umtake mnunuzi akuonyeshe bei kwenye katalogi. Ya Wajerumani inaitwa Michel.

Kijana alikuja asubuhi. Mjomba akamwambia stempu ya Berlin achukue, bahasha hapana. Akageuka, akasema bila bahasha hana haja nayo. Hapo mjomba akanitazama, hakusema neno.

Godoro tumelichangia, watu saba. Haikuwa rahisi, na wawili bado hawajatoa. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Binti amenakili majina yale mawili kwenye daftari lake kabla ya kupanda basi pale Same.

Tukutane wiki ijayo.