TAHARIRI: Kunyamaza Si Kuridhia

Mwaka 2006, Muswada wa Makosa ya Kingono ulioletwa na Bi. Njoki Ndung'u ulipojadiliwa katika Bunge la Kenya, mbunge mmoja alidai kwamba katika mila zetu mwanamke asemapo "la" humaanisha "ndiyo". Wabunge wanawake wakatoka ukumbini. Muswada ule ulikuwa sheria mwaka uo huo, lakini dai lile halikuzikwa. Lingali linasikika wanaume wanapokutana wakati wa chai kazini, nalo husemwa kwa kicheko, kana kwamba ni mzaha usiomdhuru mtu.

Sisi twasema kwamba unadhuru. Tumtazame mama kibarua katika shamba la chai. Nyapara ndiye amgawiaye sehemu ya kuchuma, ndiye asimamaye penye mizani, na ndiye aamuaye kama kesho ataitwa kazini. Mtu huyo amwambiapo apitie kwake jioni, naye mama akainama asijibu neno, je, amekubali? Nyumbani watoto wanangoja unga na karo. Mwaka 2023 wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai nchini Kenya waliwaeleza waandishi wa BBC jinsi wasimamizi walivyowadhulumu kwa njia hiyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema kwamba kimya ni ridhaa.

Ridhaa ni nini basi? Sheria ile ya 2006 yasema kwamba mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Yaongeza kwamba mwenye madaraka akiyatumia vibaya hata mwingine akashindwa kuonyesha kwamba hataki, hapo pana shuruti. Kwa hiyo bosi asijitetee kwa kusema, "Hakukataa." Yampasa ajiulize kwanza: angekataa, angepoteza nini? Ikiwa jibu ni mkate wake, cheo chake au barua ya kuthibitishwa kazini, basi hiari haikuwapo. Hiari yashinda utumwa, nayo hainunuliwi kwa mshahara.

Wapo waulizao kwa hasira: "Je, sasa hata kusalimiana ni kosa?" La, ndugu zetu. Hakuna aliyekataza salamu, utani wa heshima, wala pongezi kwa kazi njema. Kinachokatazwa ni maneno juu ya mwili wa mwenzako asiyoyataka, mkono usioalikwa, picha chafu, na ahadi ya kupandishwa cheo kwa malipo ya aibu. Sheria ya Ajira ya 2007 imeyataja hayo yote. Tena, aliyekubali jana hakujifunga kukubali leo. Na aliyekubali kunywa chai nawe amekubali chai tu.

Sheria hiyo yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, baada ya kushauriana nao, atoe tamko la maandishi dhidi ya unyanyasaji huu, lieleze jinsi ya kupeleka malalamiko, na jina la mlalamikaji lihifadhiwe. Tunawauliza wafanyakazi wote: je, tamko hilo mmeliona? Kama lipo, limefungiwa kabatini kwa meneja, au lipo mahali ambapo hata kibarua aweza kusomewa kwa lugha aijuayo?

Hata hivyo, karatasi peke yake haitamlinda mtu. Mnyanyasaji hupata nguvu kutoka kwa wenzake wanaocheka pamoja naye. Siku wasipocheka, atajiona yu peke yake. Kwa hiyo twawasihi akina baba na vijana wa kiume walizungumze jambo hili waziwazi katika vikundi vyao, bila kungoja wanawake wawaanzie. Aliye mzee amkanye kijana. Aliye na cheo akatae kumficha rafiki yake. Na dada atakapothubutu kusema yaliyompata, neno la kwanza lisiwe kumwuliza alivaa nini. Na aulizwe anahitaji msaada gani, kisha asindikizwe hadi mahali pa haki.

Haki kazini si mshahara tu. Ni kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni na heshima yako nzima. Tuanze kuilinda katika mazungumzo ya kesho, wakati wa chai.