Kijana wa Muyinga atafikaje kwenye usukani wa ndege?

Kijana anayemaliza sekondari Gitega akitaka kuwa mwalimu au daktari, anajua pa kwenda: Bujumbura, kwenye vyuo vya nchi yake. Mwenzake wa Muyinga akitaka biashara, mpaka wa Kobero hauko mbali, na malori ya kutoka Dar es Salaam hupita hapo. Lakini mmoja wao akisema anataka kuwa rubani wa ndege za abiria, nyumbani atachekwa, na shuleni hatapata wa kumwelekeza.

Si kwamba njia haipo. Ipo, na si lazima ipitie jeshini kama wengi wanavyodhani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinamruhusu raia yeyote aliyefikisha miaka 18 kuomba leseni ya urubani wa biashara. Anatakiwa awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, afaulu mitihani ya nadharia kama vile sheria za anga na hali ya hewa, na awe ameruka saa 200, au 150 ikiwa alisoma kozi iliyoidhinishwa. Kabla ya hapo huwa ameshapata leseni ya rubani binafsi, ambayo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege.

Jambo moja familia zinapaswa kuambiwa mapema: kipimo cha afya kitangulie ada. Macho, masikio na moyo vikionekana na kasoro isiyokubalika baada ya fedha kulipwa, hasara ni ya mzazi.

Na fedha ndiyo kikwazo chenyewe. Mafunzo haya hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kwa sababu kila saa ya kuruka inakula mafuta, matengenezo na muda wa mwalimu. Pato la wastani la Mrundi kwa mwaka mzima halikaribii kabisa kiasi hicho. Hata mzazi mwenye kahawa nyingi Muyinga au duka kubwa Gitega anakwama mahali pengine: yeye ana faranga, shule inataka dola, na dola katika benki za Burundi ni adimu. Akizitafuta kwenye soko la magendo, bei inapanda mno.

Kwa hiyo mlango wa urubani kwa vijana wa kawaida wa Burundi umefungwa na mfuko, wala si akili. Hilo si jambo ambalo Burundi inaweza kulimaliza peke yake, na halikupaswa kuwa lake peke yake.

Mazoezi yenyewe yanavuka mipaka. Miongoni mwa masharti ya leseni ya biashara ni safari ya angalau kilomita 540, mwanafunzi akiwa ndiye rubani mkuu, na kutua katika viwanja viwili tofauti. Burundi, kutoka kaskazini hadi kusini, haifiki kilomita 300. Mwanafunzi akinyoosha njia hiyo, ataingia tu katika anga ya jirani.

Waasisi wa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki waliliona hilo. Mwaka 1971 walianzisha shule ya urubani Soroti, kaskazini mashariki mwa Uganda, ili Kenya, Tanzania na Uganda zipate marubani na mafundi wa ndege kutoka chungu kimoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la East African Airways lilikufa, na shule ikabaki mikononi mwa Uganda. Jumuiya ilifufuka mwaka 2000, Burundi ikajiunga mwaka 2007, na leo nchi wanachama ni nane. Shule ya kurushia ndege iliyo mali ya wote haijarudi.

Kilichorudi ni usimamizi. Tangu mwaka 2007 Jumuiya ina wakala wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe, unaoshughulikia kulinganisha kanuni za nchi wanachama. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo leseni bado hutolewa na kila nchi, na Mrundi aliyesoma Nairobi au Soroti hurudi Bujumbura na makaratasi ya kuthibitishwa upya. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walishapata mikataba ya kutambuana ndani ya Jumuiya. Rubani, ambaye kazi yake ni kuvuka mipaka kila siku, angestahili kuwa mbele yao.

Wapo watakaosema nchi yenye uhaba wa mafuta na madawati haina haki ya kuzungumzia marubani. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayeiomba Gitega inunue ndege za mafunzo. Lakini safari za Air Burundi zilisimama mwaka 2009, na serikali imekuwa ikitaka kuwa na shirika la taifa tena. Shirika lisilo na marubani wa nyumbani litawakodi wa nje, na litawalipa kwa dola zilezile zisizopatikana.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja miujiza. La kwanza, Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo lifike hadi kwenye shule za urubani, ili Mrundi alipe ada anayolipa mwenyeji. La pili, uwepo mfuko wa mikopo wa Jumuiya kwa wanafunzi wachache wanaochaguliwa kwa mtihani, nao wafunge mkataba wa kufanya kazi katika kanda hadi deni liishe. La tatu, Kiingereza cha anga kifundishwe mapema. Rubani wa safari za kimataifa anapimwa Kiingereza na hutakiwa afikie angalau daraja la nne kati ya sita, na kijana aliyesoma kwa Kifaransa huanza akiwa nyuma.

Tangu mpaka wa nchi kavu na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, anayetoka Muyinga kwenda Uganda kwa basi huzungukia Tanzania hadi Mutukula. Anaweza kuvumilia mzunguko huo. Akifika Soroti, asiambiwe kwamba shule iliyojengwa kwa jina la Afrika Mashariki inamhesabu kuwa mgeni.